Bei ya Bando Si Kudra ya Mungu

Kuna mambo mawili ambayo nchini kwetu husemwa kwa sauti moja: mvua na bando. "Mwaka huu mvua imekataa." "Wiki hii bando limepanda." Anayesema anainua mabega, anayesikia anatikisa kichwa, kisha wote wawili wanahamia kwenye habari za Simba na Yanga. Mvua, sawa. Mvua haina waziri wa kuitia saini. Lakini bei ya intaneti ina waziri, ina sheria, ina kanuni, ina mamlaka ya udhibiti, tena ina kodi iliyopitishwa bungeni na watu wazima waliokuwa wakigonga meza. Kitu chenye saini za watu si kudra ya Mungu. Na kama si kudra, basi yupo wa kuulizwa.

Ndugu msomaji, tuulize.

Tuanze na hesabu ya kijiweni, maana ndiyo tunayoijua. Mwenye mshahara ananunua kifurushi cha mwezi. Dada anayeuza vitumbua stendi ananunua cha siku, au cha saa, kwa ile mia tano aliyoipata asubuhi. Sasa gawanya shilingi kwa MB uone. Mwenye vitumbua analipa MB moja ghali kuliko mwenye mshahara. Ni hadithi ileile ya mkaa wa kopo, mafuta ya kupimiwa na sukari ya kufungiwa kwenye nailoni: mnyonge hununua kidogo kidogo, na hicho kidogo ndicho ghali. Ila bando lina laana moja ambayo mkaa hauna. Mkaa ukibaki, kesho unauwasha. Bando la siku likifika saa yake linaondoka na masalio yake, labda uwahi kununua jingine. Umeshalilipia, lakini si lako. Jamani, ni duka gani jingine linalokuuzia kilo ya unga kisha linakuja jioni kuchukua robo ambayo hujapika?

Sisi wa kurasa hizi tunaijua hesabu hiyo kuliko tunavyopenda. Shairi la kijana wa Kasulu linafika hapa saa nane za usiku, na si kwa sababu washairi hawalali. Ni kwa sababu bando la usiku ndilo la bei ya mtu kama yeye. Hadithi ya binti wa Songea inaingia vipande vitatu kwa siku tatu. Mhariri akirudisha masahihisho, jibu linakuja: "Kaka, nitayafungua Ijumaa nikipata vocha." Wakati huohuo mwenzake wa Masaki, mwenye waya nyumbani, ameshasoma riwaya mbili za bure, ameshasikiliza mhadhara kutoka chuo cha ng'ambo, ameshatuma kazi kwenye mashindano matano. Baadaye tutaambiwa kwamba huyu wa Masaki ana kipaji zaidi. Kipaji? Wanasahau kwamba mmoja alikimbia mbio akiwa na viatu na mwingine pekupeku.

Msiseme haya ni malalamiko ya washairi tu. Mwaka 2018 tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia mtandao wa kasi iliweka lengo: kufikia 2025, bei ya intaneti ya kuanzia isizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi. Mwaka wenyewe 2025 umeshapita, na nchi nyingi maskini hazikufika. Tena huo ni wastani. Wastani unamchanganya mwenye ghorofa na muuza vitumbua, unawagawanya kwa mbili, kisha unatangaza kwamba wote wawili wanaishi kwenye nyumba ya bati. Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, lilikadiria kuwa mwaka 2024 watu 68 katika kila 100 duniani walikuwa wakitumia intaneti. Afrika walikuwa 38.

"Ah, minara haijafika vijijini," utaambiwa. Uongo mtupu? Hapana, ni ukweli nusu, na ukweli nusu una hasara zaidi ya uongo. Ziko sehemu ambazo mnara haujafika. Lakini makadirio ya mashirika ya simu yenyewe yanasema zaidi ya nusu ya watu wa Afrika kusini mwa Sahara wanaishi chini ya mawimbi ya intaneti ya simu na hawaitumii. Mawimbi yanapita juu ya bati, yanapita juu ya makuti, na mwenye nyumba hana la kuyafanya. Kisima kipo uani, kamba ya ndoo ndiyo inauzwa.

Nani aliifupisha kamba?

Twende Nairobi, mwaka 2000. Siku zile ukiwa katikati ya jiji ukamtumia mwenzako wa mtaa wa pili barua pepe, barua hiyo ilipanda setilaiti, ikaenda hadi Ulaya au Marekani, ikarudi kwa setilaiti, ndipo ikavuka barabara. Safari hiyo ililipiwa kwa dola, kwenda na kurudi. Kampuni za intaneti za Kenya zikasema huu ni wendawazimu. Zikaunganisha mitambo yao mahali pamoja, zikaunda kituo cha kubadilishana, KIXP, ili mambo ya Nairobi yamalizikie Nairobi. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa njia ya kimataifa, ikalalamika. Tume ya Mawasiliano ya Kenya ikakubaliana nayo, na katika muda wa wiki mbili hivi kituo kikafungwa. Kikaja kufunguliwa tena Februari 2002, baada ya kuvutana kwingi. Angalieni hapo: mitambo ilikuwepo, waya ulikuwepo, mafundi walikuwepo. Kilichokosekana ni karatasi ya ruhusa. Wananchi walilipa ughali kwa zaidi ya mwaka mzima kwa ajili ya karatasi.

Halafu ikaja 2009. Mpaka mwaka huo pwani yetu ya Afrika Mashariki haikuwa na mkongo wa baharini, tukitegemea setilaiti kwa bei ya kuua. Julai 2009 SEACOM ikatua Dar es Salaam na Mombasa. Mwaka huohuo ukatua Mombasa mkongo wa TEAMS kutoka Fujairah, ambao serikali ya Kenya yenyewe iliuanzisha pamoja na wabia. Mwaka 2010 ikafuata EASSy. Tanzania ikajenga Mkongo wa Taifa, ukasambaa mikoani hadi mipakani, ukawauzia na majirani. Bei ya jumla ya kuisafirisha intaneti kutoka ng'ambo ikaporomoka. Tuseme kweli na tuwape haki yao: huo nao ulikuwa uamuzi wa serikali, na ulikuwa uamuzi mzuri. Unathibitisha ninachosema. Wakiamua, bei inashuka.

Basi mbona dada wa vitumbua bado ananunua kwa saa? Kwa sababu kati ya ufuo wa bahari na simu yake kuna mikono mingi, na kila mkono unachukua chake. Mkono wa kwanza, ambao haupendi kutajwa, ni wa serikali.

Nchini Kenya ushuru wa bidhaa kwenye intaneti ulianza 2018, asilimia 15. Mwaka 2021 ukapandishwa hadi 20. Mwaka 2023 ukarudishwa 15. Muswada wa Fedha wa 2024 ukapendekeza 20 tena. Vijana wakaingia barabarani, wengine hawakurudi nyumbani, muswada ukaondolewa mwezi Juni. Uganda, Julai 2018, walianza kutoza shilingi 200 zao kila siku kwa kila anayefungua mitandao ya kijamii. Watu wakajifunza kupita vichochoroni, mapato yakaja pungufu ya yaliyotarajiwa, na Julai 2021 kodi hiyo ikafutwa. Ikaletwa nyingine: asilimia 12 kwenye data. Wameondoa mwiba wa mguu wa kulia, wameuchomeka wa kushoto.

Sisi Tanzania tusicheke. Mwaka 2013 ilipitishwa kodi ya shilingi 1,000 kwa mwezi kwa kila laini ya simu. Kelele zikapigwa, ikafutwa kabla mwaka haujaisha. Mwaka 2021 zikaja tozo za miamala ya simu na za kuongeza salio. Kelele tena, tozo za miamala zikapunguzwa mwaka huohuo. Na mwaka huohuo 2021 simujanja, vishikwambi na modemu zilisamehewa VAT, tukashangilia. Mwaka 2022 msamaha ukaondolewa, kwa maelezo kwamba bei dukani hazikushuka. Sawa, hazikushuka. Lakini nani alikuwa na kazi ya kwenda dukani kukagua? Mwenye duka akila msamaha, anayeadhibiwa ni mnunuzi!

Kuna kodi moja ambayo haijapigiwa kelele, kwa kuwa imejificha ndani ya bei. Kwa miaka mingi sheria ya Tanzania Bara imetoza ushuru wa bidhaa wa asilimia 17 kwenye huduma za simu na intaneti, na juu yake VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. VAT haihesabiwi kwenye bei peke yake; inahesabiwa kwenye bei pamoja na ule ushuru. Kodi inatozwa kodi. Piga hesabu: huduma ya shilingi 100 inakuwa 117, kisha inakuwa 138. Maana yake ni kwamba katika kila shilingi 1,000 unayotoa, kama 275 hivi ni za kodi hizo mbili. Na huo ushuru wa bidhaa ni nini? Ni ndugu wa damu wa ushuru wa bia na sigara. Ni kodi ambayo dola huweka kwenye vitu ambavyo ingependa watu wavitumie kidogo. Haya, niambieni: mwanafunzi wa kidato cha nne akitafuta mitihani ya zamani ya fizikia, hapo anavuta sigara?

Mkono wa pili ni wa kampuni. Hapa ndipo tunapohubiriwa soko huria. "Waacheni washindane, bei itashuka yenyewe." Hiyo yenyewe ndiyo sijapata kuiona ikifanya kazi bila kusukumwa. Afrika Kusini watu walipiga kelele tangu 2016 kwamba data ishuke. Tume yao ya Ushindani ikachunguza, ikatoa ripoti Desemba 2019, ikasema waziwazi kile ambacho muuza vitumbua anakijua bila ripoti: vifurushi vidogo vinamtoza maskini zaidi kwa kila MB. Tume ikaziambia kampuni mbili kubwa zipunguze au zishitakiwe. Tarehe 1 Aprili 2020 Vodacom ikashusha GB moja ya mwezi kutoka randi 149 hadi 99. Theluthi nzima! Teknolojia haikuwa imebadilika kati ya Machi na Aprili. Minara ilikuwa ileile, nyaya zilezile, mafundi walewale. Na Vodacom haikufunga duka. Basi ile randi 50 ilikuwa inalipia kitu gani miaka yote hiyo?

Wa kwetu walifanya nini? Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa bei elekezi: MB moja isiuzwe chini ya shilingi 2 na senti zake, wala juu ya shilingi 9 na senti zake. Msomaji, rudia kusoma. Dari tunalielewa, ni la kumlinda mnunuzi. Sakafu je, inamlinda nani? Tena kati ya sakafu na dari pana uwanja mkubwa kiasi kwamba GB moja ingeweza kuwa elfu mbili au elfu tisa, na yote halali. Tarehe 2 Aprili watu wakaamka wakakuta vifurushi vimesinyaa kama sabuni iliyoachwa kwenye maji. Nchi ikalia, na serikali ikasimamisha utaratibu mpya palepale. Asubuhi bei ilikuwa "gharama halisi za uendeshaji", baada ya kelele ikawa jambo linalozungumzika.

Wala nisieleweke kwamba dola ikishika kila kitu ndiyo dawa. Rwanda mwaka 2013 waliipa kampuni moja, ya ubia kati ya serikali na wakorea wa KT, haki ya peke yake ya kujenga 4G na kuwauzia wengine kwa jumla. Mtandao ukafika karibu nchi nzima, jambo la kusifiwa. Watumiaji wake wakabaki wachache miaka kumi, na mwaka 2023 kampuni nyingine zikaruhusiwa kujenga za kwao. Ukiritimba ni ukiritimba, uwe wa mjomba au wa mgeni.

Mkono wa tatu ni wetu sote, nao umelala. Nauzungumzia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya 2006. Kampuni za simu zinauchangia kutoka kwenye mapato yao. Kenya wana wao, kila mwenye leseni anatoa nusu ya asilimia moja ya mapato ghafi. Fedha hizi zinatoka mfukoni mwa mnunuzi wa vocha, tusidanganyane. Mfuko wetu unajenga minara. Mwaka 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 vijijini. Mnara ni jambo jema, mama mjamzito anaweza kupiga simu. Lakini mnara unafika na bei inabaki mjini. Mkulima wa Nyasa anatozwa bei ileile ya Kariakoo, na kipato chake si cha Kariakoo. Kazi ya mfuko ikiishia kwenye chuma na zege, basi ni mfuko wa kuzipanulia kampuni soko. Mawasiliano kwa wote ni wote kuwasiliana.

Wapo waliokuja na dawa ya bure. Mwaka 2014 Facebook walianzia Zambia na huduma yao ya kurasa chache zisizotozwa, mwaka uleule ikafika Tanzania na Kenya. Bure! Ila kurasa zenyewe wamezichagua wao, na mlango wa kuingilia ni wao. India walilitazama jambo hilo, na Februari 2016 mdhibiti wao akapiga marufuku kutoza bei tofauti kwa kurasa tofauti. Sisi tulisema asante. Matokeo mnayaona hadi leo kwenye vifurushi vya mitandao ya kijamii peke yake: kijana anaweza kupokea picha mia za harusi ya asiyemjua, lakini ukimtumia kiungo cha kamusi anakujibu, "Huko bando langu haliendi." Mtu amejengewa nyumba yenye sebule tu, akaambiwa chumba cha kusomea kinalipiwa mbali.

Sasa nawasikia wazito wakikohoa. Wana hoja tatu, tuzichukue moja moja.

Ya kwanza: watu wana shida ya maji na dawa, nyie mnadai intaneti. Hoja hii husemwa na watu wenye vyote vitatu. Mimi sijasikia mwanakijiji akisema, "Niondoleeni mawasiliano ili nipate maji." Mganga wa zahanati anayetaka kuuliza hospitali ya mkoa, mkulima wa mbaazi anayetaka kujua bei ya mnada kabla dalali hajamfikia, mwanafunzi anayesubiri matokeo na mkopo wa chuo ambao maombi yake sasa yanafanyika mtandaoni tu. Serikali yenyewe imehamishia huduma zake mtandaoni, kisha inatoza mlango wa kuingilia. Ukihamisha ofisi ya kata ukaipeleka ng'ambo ya mto, una wajibu wa kujenga daraja.

Ya pili: vijana watapoteza muda kwa udaku na uchafu. Huenda. Lakini udaku ndio rahisi kupita wote, unafika hata kwa bando la mia mbili. Kinachokatwa na bei ni kile kizito: kitabu, mhadhara, ramani, kozi ya miezi mitatu. Bei kubwa haichuji uchafu, inachuja elimu.

Ya tatu, na ndiyo ya kweli: serikali inahitaji mapato. Sawa, barabara hazijengwi kwa mashairi. Lakini karo ya shule ya msingi nayo ilikuwa mapato. Ilipoondolewa, kwetu chini ya MMEM mwanzoni mwa miaka ya 2000 na Kenya Januari 2003, watoto walifurika madarasani hadi wengine wakakaa chini ya miti. Ikathibitika kwamba hawakuwa wavivu wa kusoma, walikuwa wamefungiwa nje kwa bei. Nani leo atasimama aseme karo ile ingebaki kwa sababu ilikuwa inaingiza fedha?

Tena hatuombi jambo geni. Nchi hii iliwahi kulifanya, ikiwa maskini kuliko leo. Sensa ya 1967 ilikuta karibu theluthi mbili ya watu wazima hawajui kusoma na kuandika. Bodi ya Huduma za Maktaba ilikuwa imeundwa 1963. Mwaka huohuo wa 1967 Maktaba Kuu ikafunguliwa Dar es Salaam. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, na watu kama milioni 2 wakakaa katika vikundi wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mwaka 1974 Mwanza likaanza gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho. Hakuna aliyemwambia mwanakijiji, "Nunua redio yako kwanza ndipo uwe raia." Redio moja ilisikilizwa na kikundi kizima. Waliona kwamba maarifa ni kama barabara, mtu mmoja mmoja hawezi kujijengea. Ya zamani yalikuwa na makosa yake na sitaki kuyarudisha yote. Hili nalitaka.

Na lipo linalotuhusu zaidi sisi tunaoandika kwa Kiswahili. Novemba 2021 UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Februari 2022 Umoja wa Afrika ukakifanya lugha yake ya kazi. Kila Julai hotuba zinasomwa kwenye kumbi zenye viyoyozi, kanga zinavaliwa, ngoma zinapigwa. Vizuri. Lakini lugha inaishi pale inapoandikwa na kusomwa, na leo sehemu kubwa ya kuandikwa na kusomwa iko mtandaoni. Fungua uone Kiswahili kilivyo kichache huko ukilinganisha na wingi wa wasemaji wake. Wanaokijua hasa, mafundi wa methali na misamiati ya uvuvi, ya kilimo, ya jikoni, ndio waliofungiwa nje. Tunakisherehekea Kiswahili huku tunawatoza wenyewe kiingilio. Tena 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilidai mwenye blogu alipe jumla ya shilingi 2,100,000 kwa maombi, leseni na ada ya mwaka wa kwanza. Ada zilikuja kupunguzwa baadaye, lakini vijana wangapi walikuwa wameshafunga kurasa zao? Kusoma kodi, kuandika leseni. Halafu mnauliza mbona vijana hawasomi!

Basi tunataka nini? Tunataka mambo matano, na hakuna hata moja linalohitaji muujiza.

Kwanza, ushuru wa bidhaa uondolewe kwenye data. Kama wote hauondoki kwa mkupuo, basi GB ya kwanza ya kila laini kila mwezi isitozwe hata senti. Mwenye kutumia GB mia atalipa za kwake, ana uwezo.

Pili, bei ya MB kwenye kifurushi cha siku isizidi ile ya kifurushi cha mwezi kupita kiwango kilichoandikwa kwenye kanuni, na masalio yasife. Afrika Kusini wameonyesha kwamba kampuni zinaweza kulazimishwa na zikaendelea kupata faida.

Tatu, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulipie intaneti ya wazi katika kila maktaba ya umma, kila shule ya sekondari ya kata na kila zahanati, na shule zifunguliwe jioni kwa raia. Waya wa Mkongo wa Taifa unapita wilayani. Kuuingiza maktaba si safari ya mwezini. Hesabu za mfuko zibandikwe hadharani, kata kwa kata.

Nne, kampuni zilazimishwe kutumia minara kwa pamoja. Minara mitatu kwenye kilima kimoja, na kijiji cha bonde la pili hakina hata mmoja, ni gharama ambayo mwishowe anailipa mnunuzi.

Tano, vijiji na mitaa iruhusiwe kujijengea mitandao yao kwa leseni ya bei ya kijijini. Kibera wanao TunapandaNET. Mankosi, Afrika Kusini, wanakijiji wana ushirika wao wa Zenzeleni. Kenya waliweka utaratibu wa leseni za mitandao ya jamii mwaka 2021. Nchi iliyozaa vijiji vya ujamaa inashindwaje kuzaa ushirika wa intaneti?

Waandishi wenzangu, tumeandika sana juu ya mapenzi yaliyovunjika na mjomba mchawi. Hebu tuandike na hili, kwa majina na tarakimu zake. Ukiangalia kila bei iliyoshuka katika habari hii yote, kodi ya laini ya 2013, vifurushi vya Aprili 2021, muswada wa Nairobi, randi 50 za Afrika Kusini, hakuna iliyoshuka kwa huruma. Watu walisema kwa sauti ya kusikika mpaka aliyetia saini akaifuta saini yake.

Bajeti husomwa Juni. Waziri atasimama na mkoba wake, atasoma mengi marefu, na mahali fulani katikati, watu wakiwa wameanza kusinzia, atafika kwenye ushuru wa huduma za mawasiliano. Msisinzie hapo. Andikeni asilimia atakayoitaja, andikeni jina la mbunge wenu na alivyopiga kura, mbandike kijiweni juu ya ratiba ya ligi. Akija kuomba kura, mkaribisheni kiti, mpeni na kahawa, halafu mwonyesheni karatasi.